Msumari Haukukatika: Kisa cha Mtelezo wa Mifuko na Rafu za Ghala la Mbolea

Msumari uliookotwa sakafuni ulikuwa umenyooka. Waliokuwepo siku ile waliupita bila kuutazama mara mbili, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa kijana wa kupakia aliyeketi kando akiushikilia mkono uliovunjika, na kwenye bati refu lililolala ubavu juu ya mifuko. Kila aliyeulizwa alisema msumari umeshindwa kubeba. Lakini msumari ukizidiwa hupinda au hukatika. Huu ulitoka kwenye tundu lake ukiwa mzima, kwa hiyo maelezo yale hayakutosha.

Ghala lenyewe liko Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Linauza kwa jumla mbolea, mbegu na viuatilifu. Jina lake nitaliacha. Mwenye mali, mama mmoja anayejua hesabu ya kila mfuko uliopo, aliniita baada ya ajali kuripotiwa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Alichotaka ni kifupi: "Niambie kwa nini limeanguka, halafu unitengenezee lisiloanguka. Na vijana wangu wasipoteze muda, maana Novemba siwezi kusimamisha magari." Anayezijua nyanda za juu ataelewa. Mvua zikinukia tu, mbolea ya kupandia inatakiwa yote kwa wakati mmoja, na foleni ya magari inafika barabarani.

Kilichokuwepo

Ndani ya ghala kuna dari ya chuma inayohifadhi mifuko ya kilo 50. Kutoka ukingoni mwa dari hiyo mifuko inashuka kwenye mtelezo wa bati hadi kwenye bodi ya gari. Mtelezo una urefu wa mita 4.1 na uzito wa kama kilo 50 pamoja na kingo zake. Juu umeshikwa kwa bawaba kwenye boriti fupi, na boriti hiyo ina kulabu zinazoingia kwenye matundu ya nguzo mbili za ukingo wa dari. Mita 3 kutoka hapo kuelekea chini, mtelezo unalala juu ya mkono, yaani boriti ya mlalo, unaobebwa na nguzo mbili za mbele, nazo zina matundu vilevile. Mita 1.1 iliyobaki ndiyo mdomo, unaoning'inia juu ya gari.

Mkono ule unapandishwa na kushushwa mara nyingi kwa siku. Bodi ya Fuso iko juu, ya Canter chini yake kidogo, na toyo za matairi matatu ziko chini kabisa. Fundi wa kwanza aliona mbali hapo. Alichukua nguzo na boriti za rafu za kawaida, ambazo tayari zina matundu kila baada ya sentimita chache, akapata mtelezo unaorekebishika bila kutoboa hata tundu moja jipya.

Shida ni kwamba aliichukua pia dhana iliyo nyuma ya rafu. Kulabu ya rafu hufungwa na uzito: boriti inaingizwa kwenye tundu, inashushwa, na kila unachoongeza juu yake kinaikaza. Pini ndogo ya usalama ipo kwa ajili ya siku moja tu, siku kitu kitakapoisukuma boriti kwenda juu. Kwenye rafu siku hiyo huja mara chache. Kwenye mtelezo huja kila mfuko unaposhuka.

Hesabu ya mdomo

Mtelezo ule ulifanya kazi misimu kadhaa bila balaa, kwa hiyo lazima kuna kilichobadilika. Kilibadilika mdomoni. Mifuko ilikuwa inapita kwa kasi, inavuka mdomo na kupasukia kwenye bodi, na mteja halipii mfuko uliopasuka. Basi likachomelewa bati la kuzuia, limesimama wima mwisho wa mdomo. Mfuko unagonga, unasimama, kuli anauchukua. Kwa macho ni uboreshaji safi kabisa.

Twende kwenye namba, maana hapa ndipo kisa kilipo. Mtelezo ukiuangalia kwa upande ni pembea ya ubao, na mkono wa mbele ndio egemeo lake. Kitovu cha uzito wa bati kiko sentimita 95 nyuma ya egemeo, kuelekea dari. Kilo 50 mara 0.95 ni 47.5, na hiyo ndiyo inayokandamiza upande wa juu ubaki kwenye kulabu zake. Mfuko mmoja ukilala mdomoni, katikati yake iko kama sentimita 70 mbele ya egemeo: 50 mara 0.7 ni 35. Upande wa juu bado umetulia. Mifuko miwili ikirundikana mdomoni, kwa sababu kuli anafuta jasho au utingo anabishana na karani, inakuwa 70 dhidi ya 47.5. Sasa upande wa juu unataka kuinuka kwa nguvu ya kama kilo 7 na nusu, na boriti ya juu yenyewe ina kilo 6 hivi. Huo ni ukingo wenyewe.

Hapo bado hatujahesabu mgongano. Mteremko ni wa kama digrii 35. Mfuko wa plastiki iliyofumwa juu ya bati lililong'arishwa na matumizi, ukichukua msuguano wa 0.4, unafika chini ukiwa na mwendo wa kama mita 4 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 400, sawa na kuuachia mfuko huo udondoke kutoka urefu wa sentimita 80. Bati la kuzuia linausimamisha ndani ya sentimita 10 hivi, kadiri mfuko wenyewe unavyobonyea. Juli 400 kwa sentimita 10 ni wastani wa nyutoni 4,000, karibu uzito wa kilo 400, kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Msukumo huo unapita kama sentimita 15 juu ya egemeo, kwa hiyo unaongeza nguvu ya kupindua ya kilo 400 mara 0.15, yaani 60. Jumlisha na 35 za uzito wa mfuko: 95 dhidi ya 47.5.

Gawanya tofauti kwa mita 3 za urefu wa juu, utapata kama kilo 16 zinazoinua boriti. Toa uzito wa boriti, zinabaki kilo 10. Zigawe kwa ncha mbili: kilo 5 kila upande.

Kilo tano! Msumari wa inchi nne, uliokuwa umewekwa badala ya pini, unabeba mara nyingi ya hizo bila kujikuna. Ndiyo maana haukukatika. Kila mfuko ulipogonga, boriti iliruka milimita chache na kurudi, na msumari uliokaa huru ndani ya tundu kubwa kuliko wenyewe ulisogea kidogo kuelekea nje. Upande wa pili palikuwa na waya wa kufungia nondo, umesokotwa kwa koleo. Nao haukukatwa na nguvu. Ulijifungua mzunguko kwa mzunguko. Kijana mmoja wa dari alinieleza kwa maneno machache kuliko hesabu yangu yote: "Injinia, pini huwa tunaweka, ila zinatembea."

Pini za asili ziliishia wapi? Mifukoni mwa vijana, kwenye vumbi, pengine kwenye mtaro. Ni pini ndogo, hazijafungwa popote, na boriti ya juu ilikuwa imewahi kushushwa ili mtelezo upakwe rangi. Ilipopandishwa tena, alichokuwa nacho mpandishaji mkononi ni msumari.

Nguvu si tatizo

Viwango vya nje, ambavyo tuliviazima kama kipimo, vinatoa masharti makali ya nguvu. EN 15512 ya Ulaya inataka komeo la boriti ya rafu za maghala listahimili nyutoni 5,000 kwenda juu, kama kilo 510. Kiwango cha Amerika Kaskazini, ANSI MH16.1, kinataka pauni 1,000, karibu kilo 454. Namba hizo zina mantiki kwenye ghala lenye foklifti, kwa sababu uma wa foklifti ukikwama chini ya boriti unainua bila huruma. Ghala hili halina foklifti. Hata hivyo tulizishika, kwa sababu kuzifikia ni rahisi: pini ya chuma cha kawaida ya milimita 8 inazivuka. Ukiishia hapo utajiona umemaliza kazi, na mtelezo utaanguka tena, kwa kuwa pini yenye uwezo wa nusu tani iliyoko mfukoni mwa mtu haina uwezo wowote.

Kwa hiyo tuliuliza maswali mengine. Ni nini kinachoishikilia pini yenyewe mahali pake? Mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni, gari la tano likipiga honi, ataifunga au ataiacha? Na asipoifunga, nani ataona, tena akiwa wapi?

Boriti ya juu

Hapa uamuzi ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mzee wa stoo alipoulizwa boriti ya juu inahamishwa mara ngapi, alicheka. Haijawahi kuhamishwa isipokuwa ile mara ya rangi. Basi kwa nini inarekebishika? Kwa sababu tu nguzo zilikuwa na matundu. Tukaifunga kwa boliti mbili za milimita 12 kila ncha, za daraja la 8.8, na nati zenye mpira ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Atakayetaka kuihamisha alete spana mbili na sababu.

Naona hili linasahaulika sana kwenye rafu na mitambo midogo. Kila kinachorekebishika ni mahali ambapo kitu kinaweza kuachwa wazi. Kisichohitaji kusogea kifungwe moja kwa moja, ubunifu ubaki kwa kile kinachosogea kweli.

Mkono wa mbele

Huu ndio uliotuchukua muda, maana unasogezwa mchana kutwa.

Boliti ziliondolewa mezani mapema. Spana ingepotea wiki ya kwanza, na nati ingekazwa kwa vidole. Pini ya kuchomoa yenye mnyororo ni bora kuliko pini huru, ila mtu anaweza kuiacha ikining'inia na mkono ukakaa kwenye kulabu zake kana kwamba kila kitu ni sawa. Tukafikiria pini ya springi, ile inayojirusha yenyewe ikikutana na tundu. Nzuri kwenye duka la nguo. Ghala la mbolea ni habari nyingine. Urea inavuta unyevu hewani, na mbolea ya CAN ina amonia naitreti, ambayo inakula shaba na zinki. Springi iliyofungiwa ndani ya kikombe kidogo inajaa uji wa mbolea, inakwama ikiwa imeingia nusu, na kwa nje huwezi kujua. Kwa sababu hiyohiyo tulikataa bushi za shaba na vyuma vilivyochovywa zinki kwenye sehemu zinazosuguana. Chuma kinene kilichopakwa rangi, chenye nafasi pana ya kupumua, kinachakaa polepole na mbele ya macho ya watu.

Tulichotengeneza ni komeo linaloanguka lenyewe. Ni kipande cha flatibaa (chuma bapa) ya milimita 50 kwa 8, kinachozunguka kwenye boliti ya milimita 12 juu ya mkono. Upande wa mbele ni mzito na una jino la milimita 25 linaloingia kwenye tundu la nguzo, juu ya kulabu. Ukiliachia, linaanguka na kufunga. Halina springi, na nafasi kati yake na kikao chake ni milimita 2 kila upande ili vumbi lipite. Shingo ya jino imekatwa kwa mwinamo mdogo kuelekea ndani. Mkono ukijaribu kuinuka, jino linavutwa ndani zaidi, halisukumwi nje.

Komeo la uzito lina udhaifu wake unaojulikana: likitikiswa linaruka. Ndiyo sababu ya jino refu. Kwenye majaribio liliruka milimita chache tu mfuko ulipogonga, na kutoka kabisa linahitaji kupanda zote 25.

Makomeo ya pande mbili yameunganishwa kwa bomba la nusu inchi, na bomba hilo ndilo mpini. Muunganiko huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Mkono ukikaa vizuri upande wa kushoto na ukabaki umeelea upande wa kulia, jino la kulia halipati tundu, halianguki, na kwa kuwa ni bomba moja, la kushoto nalo halianguki. Haiwezekani kufunga nusu. Mwisho wa bomba kuna mkia uliopakwa rangi nyekundu. Makomeo yakiwa yamefunga, mkia unajificha nyuma ya nguzo. Yakiwa wazi, unachomoza upande wa gari, mahali ambapo utingo, karani na mama mwenyewe mezani kwake wanauona. Amri ni moja: nyekundu ikionekana, hakuna mfuko unaoachiwa kutoka juu.

Tena, kuinua komeo peke yake hakuangushi chochote. Uzito bado umebebwa na kulabu, na ili mkono utoke inabidi uinuliwe milimita 40 kwa cheni bloki. Mifuko ikiwa kwenye bati, hakuna atakayethubutu kuinua. Mpini umewekwa nyuma, mkono wa mtu usipate sababu ya kuingia kati ya bati na nguzo.

Sababu yenyewe ikashughulikiwa pia

Komeo zuri juu ya mtelezo unaorukaruka ni kazi nusu. Nguzo za mbele zilisogezwa, mdomo ukabaki na sentimita 50 badala ya mita 1.1. Bati la kuzuia likakatwa kwa grinda. Mahali pake sehemu ya mwisho ya mtelezo ikalazwa karibu na usawa na kutandikwa kipande cha mkanda wa mpira wa konveya, mfuko usimame kwa kusuguana. Juli ni zilezile 400, ila sasa zinaishia kwenye umbali mrefu zaidi, kwa hiyo nguvu ya wastani ni sehemu ndogo tu ya zile nyutoni 4,000, na inapita kwenye sakafu ya mtelezo, haipigi ukuta uliosimama. Boriti ya juu ilinyamaza. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

Rafu za jirani

Tulipokuwa tukipima nguzo, tuliangalia na rafu za maboksi ya mbegu, ambazo hakuna aliyelalamika juu yake. Nusu ya pini hazikuwepo. Hilo nilitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba baadhi ya boriti hazikuwa za nguzo zile kabisa. Rafu za mitumba huja zimechanganyika. Matundu ya mtindo wa Marekani yamepangwa kila inchi 2, yaani milimita 50.8, na ya Ulaya mengi ni milimita 50. Kwa jicho ni ndugu. Boriti yenye kulabu tatu ikiwekwa kwenye nguzo za mtindo mwingine, kulabu ya tatu inapishana na tundu lake kwa milimita 1.6. Fundi anaipiga nyundo, inaingia, kila mtu anaridhika. Kumbe kulabu moja ndiyo inabeba na mbili zimeegemea tu, na tundu la pini halilingani tena na mwenzake, kwa hiyo hata anayetaka kuweka pini hawezi. Pale ambapo pini "haiingii", mara nyingi ndivyo ilivyo: boriti inajaribu kusema si ya hapa.

Boriti hizo zilishushwa siku ileile. Zilizobaki zilipata pini za milimita 8 zilizofungwa kwa mnyororo mfupi kwenye boriti yenyewe, ili mtu akihamisha rafu pini iende nayo. Rafu za chini, ambazo vijana huzisukuma kwa bega wanapoingiza maboksi, ndizo zilizotangulia.

Majaribio

Kwa nguvu tuliweka mzani wa kuning'inia kati ya cheni bloki na mkono wa mbele, tukavuta kwenda juu hadi kilo 510 kila upande, tukaacha dakika kadhaa. Jino liliacha alama kwenye rangi, basi.

Jaribio la watu lilinifundisha zaidi. Kijana aliyeajiriwa wiki ileile, ambaye hakuelezwa chochote, aliambiwa tu: "Shusha mtelezo, gari linalofuata ni toyo." Aliinua bomba, akashusha mkono kwa cheni bloki, akaachia. Upande mmoja ulikuwa haujakaa, na mkia mwekundu ukabaki umechomoza. Kabla sijafungua mdomo, utingo wa toyo alikuwa ameshapiga kelele kutoka nje.

Kilichoharibika kwa kutumika ni mkia wenyewe. Fuso moja lilirudi nyuma bodi ikiwa imefunguliwa, likaupinda, na tangu hapo ukawa unachomoza hata komeo likiwa limefunga. Alama inayodanganya kwa upande wa tahadhari watu huizoea haraka, kisha huacha kuiangalia, kwa hiyo uling'olewa siku hiyohiyo. Mkia wa sasa ni kipande cha mkanda uleule wa konveya kilichopakwa rangi. Ukigongwa unalala, kisha unarudi ulivyokuwa.